Chujio la Damu

Kabla ya gogo lile kumpiga, Masalu hakuwahi kulala hospitali. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa upande wa Solwa, amekulia nyuma ya ng'ombe, na homa zake zote za utotoni mama yake alizimaliza kwa majani ya kuchemsha na vidonge vya dukani. Ukame ulipoimeza mifugo ya nyumbani, alibeba sururu akaenda Mwakitolyo kutafuta dhahabu. Huko ndiko alikooa, na huko ndiko alikojenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Wachimbaji wenzake walimjua kwa tabia moja: alikuwa hashuki duarani kabla hajayagonga matimba kwa kichwa cha sururu na kusikiliza yanavyolia. Duara ndilo shimo lenyewe, na matimba ni magogo yanayozuia kuta zisiwaangukie watu. Masalu hakuliamini gogo lililopigiliwa na mtu mwingine. Walimcheka, lakini wote walipenda kushuka nyuma yake.

Siku ya ajali aliligonga gogo, likalia vizuri. Hata hivyo ukuta wa nyuma yake ulisogea, gogo likachomoka na kumkandamiza ubavu wa kushoto. Wakamvuta. Alipanda juu kwa mikono yake mwenyewe, akanywa maji, akasema ni mbavu tu zinauma. Mkewe, Limi, aliyekuwa akiuza maandazi pale juu, alimtazama usoni akaona midomo imepauka. Muda si mrefu Masalu akaanza kutoka jasho la baridi na kulalamika bega la kushoto, bega ambalo gogo halikuligusa kabisa. Fredy, mdogo wake Masalu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe, ndiye aliyetafuta gari. Limi akabaki na watoto. Fredy akaondoka na kaka yake kwenda hospitali mjini Shinyanga, kichwa cha Masalu kikiwa mapajani mwake. Njiani Masalu alipoteza fahamu.

Alipozinduka alikuwa wodini, ana mpira puani, ana dripu mkononi, na tumbo limefungwa bandeji kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Fredy alikuwa amekaa kwenye kiti, macho mekundu. Akaja daktari mmoja mrefu mwenye haraka, Daktari Eustace, akasimama miguuni pa kitanda.

"Masalu, Mungu amekusaidia. Ulikuwa unavuja damu ndani kwa ndani. Kile kiungo kinachochuja damu kilipasuka, hakikushoneka, ikabidi tukitoe. Utaishi vizuri tu bila hicho, ila kuna mambo ya kuzingatia…"

Dawa ya usingizi ilikuwa bado inamzungusha. Alisikia "tukitoe", akasikia "utaishi vizuri tu bila hicho", na yale ya kuzingatia yakapita juu ya kichwa chake kama maneno ya redio ya jirani. Siku ya kuruhusiwa nesi alimpa vidonge na kumweleza tena, lakini wagonjwa walikuwa wengi na yeye aliitikia tu ili aondoke.

Nyumbani, wa kwanza kuja kumwona alikuwa Mayala, rafiki yake wa duara moja. Mayala alilitazama lile kovu refu kwa muda, kisha akauliza, "Sasa humo ndani wamekutoa nini?"

"Chujio la damu."

Mayala alisogeza kigoda karibu.

"Masalu, ndugu yangu. Chujio la damu ni figo. Hata redioni wanasema kila siku, kunyweni maji, figo ndizo zinazochuja damu. Wewe umewahi kusikia kuna chujio jingine?"

"Sijasikia."

"Na ulipigwa wapi?"

"Ubavuni."

"Ubavuni. Na wamekupasua wapi?"

Masalu aliliangalia kovu lake. Lilikuwa katikati kabisa ya tumbo, limenyooka kama barabara ya lami, mbali na ubavu.

"Mtu anaishi na figo moja," Mayala alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana wanachukua moja. Ukifa watu watauliza, usipokufa nani atauliza? Karatasi ya kukupasua alisaini nani?"

"Fredy."

Mayala akatikisa kichwa, akaaga, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Masalu alianza kuusikiliza mwili wake kama alivyokuwa akisikiliza matimba. Alikuwa akiamka anajipapasa kiuno upande wa kushoto, anahisi kuna shimo. Akikojoa anautazama mkojo: ukiwa wa njano sana anasema figo iliyobaki imeelemewa, ukiwa mweupe anasema imeshindwa kuchuja. Limi alimwambia anywe maji aache kujitisha. Hapo akaanza kumtazama Limi pia, akijiuliza anajua nini.

Kisha Fredy akaja na pikipiki. Ilikuwa mpya, nyekundu, kiti bado kina nailoni. Aliipigia honi nje ya nyumba ya kaka yake akicheka kama mtoto.

"Kaka, nimeacha karasha! Nimeingia bodaboda. Ya mkataba hii, kila wiki nampelekea mwenyewe hesabu yake."

"Mwenyewe nani?" Masalu aliuliza.

"Kuna mzee mmoja pale mjini."

"Mzee gani? Ulifahamiana naye wapi?"

"Kipindi kile nakuuguza. Tulikuwa tunalala pamoja kwenye benchi, naye anamuuguza mkewe."

Hospitalini. Mzee asiyejulikana jina, waliyekutana naye hospitalini, anampa mdogo wake pikipiki. Masalu alitaka kuuliza zaidi lakini alihofia jibu, na alihofia zaidi uso wa Fredy wakati wa kulitoa. Fredy alipomwalika apande wazunguke kidogo, alisema kidonda kinavuta.

Mama yao hakujua lolote kati ya hayo. Yeye alichojua ni kwamba mwanawe alitoka mdomoni mwa kaburi, na akataka kuchinja. Siku kidonda kilipokauka vizuri waliitwa wote Solwa, ndugu na majirani, akatolewa mbuzi dume. Fredy ndiye aliyemchuna. Masalu alikaa kwenye kiti kama mgeni wa heshima na kutazama tumbo la mbuzi likifunguliwa: utumbo ukamwagika, ini likatoka na nyongo yake, likatoka pande la rangi ya zambarau lililolala kando ya tumbo, halafu kutoka nyuma kabisa, ndani ya mafuta mazito karibu na uti wa mgongo, Fredy akachomoa figo mbili. Mbuzi alikuwa nazo mbili. Masalu alizitazama zikitupwa juu ya makaa.

Figo ilipoiva, Fredy aliikata, akainyunyizia chumvi, akamletea kaka yake kwa mkono wake. Kwao hicho ni kipande cha kumpa mtu unayemjali.

"Kula, kaka. Urudishe damu."

Masalu hakupokea.

"Unanipa hii," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "badala ya ile?"

"Badala ya ipi?"

"Ile uliyoiuza!"

Watu wakaacha kutafuna. Fredy alibaki amenyoosha mkono, mafuta yakimchuruzika kwenye kifundo. Mama yao alisema, "Masalu, ng'wanawane, mwanangu, unasema nini?" lakini Masalu alikuwa ameshasimama, na yote yakatoka: karatasi, kovu la katikati, mzee wa hospitali, pikipiki. Fredy hakujitetea. Alimtazama kaka yake tu, mdomo wazi, kisha akaiweka ile figo kwenye sahani kwa utaratibu, akapanda pikipiki, akaondoka. Kwa Masalu ule ukimya ulikuwa kukiri. Mtu asiye na hatia, alijisemea, angepiga kelele.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Vile vidonge vya hospitali alivitumbukiza chooni, akisema huenda ndivyo vinavyomfanya awe mpole. Nesi alipompigia simu kumkumbusha kliniki na chanjo, aliuliza, "Kwa nini mnanihitaji hivyo?" Nesi alipoanza kueleza, akakata, kisha akazima simu kabisa. Kwake ilikuwa wazi: wanaitaka iliyobaki. Limi alijaribu kumwambia kwamba mwizi hapigi simu kukukumbusha chanjo. Alimjibu kwamba huyo ndiye mwizi aliyesoma.

Mvua zilianza, mbu wakaongezeka. Asubuhi moja Masalu aliamka na homa. Malaria alikuwa ameiugua mara nyingi maishani. Alikuwa anaijua njia yake, inakuja polepole, unatetemeka, unameza dawa, inaondoka. Hii haikuja polepole. Asubuhi alikuwa anaongea, adhuhuri alikuwa anababaika, macho yamegeuka njano, na mwili unaunguza hadi Limi akashindwa kumshika. Alitafuta gari, hakupata. Akampigia Fredy, ambaye hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku ya mbuzi.

Fredy alifika na pikipiki. Masalu alipomwona mlangoni alijivuta hadi ukutani.

"Siendi na huyu. Limi, huyu anakuja kumalizia."

"Utaenda," Limi alisema.

"Nimesema siendi!"

"Baba Nelly, ukifa hapa hiyo figo moja unayoilinda utazikwa nayo. Inuka."

Wakamweka katikati, Fredy mbele, Limi nyuma akimshikilia kwa kanga. Njia nzima Masalu alikuwa akimnong'oneza Fredy sikioni matusi ambayo baadaye hakuyakumbuka. Fredy aliyakumbuka.

Alirudiwa na fahamu akiwa wodi ile ile. Walimwongezea damu, walimchoma sindano za malaria, na homa iliposhuka Daktari Eustace akaja kusimama miguuni pa kitanda. Safari hii Limi alikuwepo, na Limi hakumwacha aondoke.

"Daktari, mume wangu anasema mlimtoa figo. Mimi sijui mlimtoa nini. Hakuna anayejua. Tuambie kwa Kiswahili cha kwetu."

Daktari alishangaa kweli kweli. "Figo? Nani alisema figo? Tulimtoa wengu."

"Wengu ndiyo nini?"

"Bandama."

Limi alifumba macho. Bandama aliijua. Kila mama aliyelea watoto maeneo yale anaijua: ndiyo inayovimba chini ya mbavu za mtoto anayeugua malaria kila mara.

"Uliniambia chujio la damu," Masalu alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa dhaifu, lakini yale macho hayakuwa dhaifu.

Daktari alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza. "Nilitaka uelewe kirahisi, na nimekuchanganya. Bandama nayo inachuja damu, lakini si kama figo. Figo inatoa uchafu na maji ya ziada, unayakojoa. Bandama inakamata vijidudu vilivyomo kwenye damu, na inaondoa zile chembe za damu zilizozeeka. Imelala chini ya mbavu za kushoto, laini, imejaa damu. Gogo lilikupiga hapo. Ikapasuka, damu ikajaa tumboni, ikapanda mpaka chini ya kiwambo kinachokusaidia kupumua. Neva ya pale inatokea shingoni, pamoja na zile za begani. Ndiyo maana bega lilikuuma. Tulikupasua katikati kwa sababu tulikuwa hatujui damu inatoka wapi. Katikati unaona pande zote. Na kwa kuwa bandama huna tena, malaria kidogo tu inaweza kukuua. Ndiyo maana ya vile vidonge."

Masalu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hayo ni maneno. Nataka kuona."

Walimpeleka kwenye chumba cha altrasaundi. Mtaalamu wake, mama mmoja mtulivu aitwaye Febronia, alimpaka mafuta ya baridi kiunoni na kukisogeza kifaa. Limi na Fredy walisimama ukutani. Kwenye kioo ikatokea picha ya kijivu, na ndani yake umbo kama haragwe kubwa.

"Figo ya kushoto hii," Febronia alisema. Akamgeuza. "Na ya kulia hii. Iko chini kidogo kuliko mwenzake, kwa sababu ya ini. Zote nzima."

Masalu aliitazama kwa muda mrefu.

"Nitajuaje kama hii ni yangu? Inaweza kuwa picha ya mtu mwingine mmeihifadhi humo."

Fredy aligeuza uso. Febronia hakukasirika; inaonekana hakuwa wa kwanza kumwuliza.

"Vuta pumzi," alimwambia. "Polepole, mpaka mwisho."

Masalu akavuta, na lile haragwe likashuka.

"Toa."

Likapanda.

"Mapafu yakijaa, kiwambo kinazisukuma chini. Sasa pumua unavyotaka wewe, bila mimi kukwambia."

Masalu alivuta nusu, akashikilia. Haragwe likasimama. Akaachia kwa ghafla, likaruka juu. Akarudia, akijaribu kulidanganya kwa pumzi fupi fupi, na kila alipofanya lilimfuata. Jasho lilimtoka. Alikuwa anatazama nyama ya mwili wake mwenyewe, iliyokuwa pale muda wote, ikifanya kazi yake bila kumuuliza.

Hata hivyo shaka haikutoka mara moja. "Na hiyo bandama," alisema kwa sauti ya chini, "ilitakiwa ikae wapi?"

"Hapa juu ya figo. Kwako sasa utumbo umejaza nafasi."

"Nitajuaje kama watu wanayo?"

Febronia alikuwa anafikiria jinsi ya kumjibu. Kabla hajasema, Fredy alivua shati. Hakumwangalia kaka yake. Alipanda kitanda cha pembeni, akalala ubavu wa kulia, akanyanyua mkono. Febronia akasogeza mashine. Pale juu ya figo ya Fredy likatokea umbo lililopinda kama mwezi mchanga, limelala kimya chini ya mbavu, likipanda na kushuka na pumzi zake.

Masalu alilitambua. Lilikuwa lile pande la zambarau la mbuzi.

Fredy akajifuta mafuta, akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akatoka nje.

Masalu aliporuhusiwa, hakwenda kwake kwanza. Alikwenda Solwa, kwa mama yake, ambako Fredy alikuwa anaishi. Alimkuta uani anaosha pikipiki. Alimwomba msamaha mbele ya mama yao, kwa maneno machache kwa sababu mengi hakuwa nayo. Fredy aliendelea kusugua rimu mpaka Masalu alipomaliza.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini na wewe nisikilize. Pale koridoni walikuja na karatasi. Wakasema usiposaini sasa hivi anakufa. Nikauliza mnatoa nini, wakaniambia wengu. Sikujua wengu ni nini, kaka. Nikawaza, nisiposaini atakufa, nikisaini akafa, mayu, huyu mama yetu, atasema mimi ndiye niliyemuua. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikasaini, hata jina langu halisomeki. Tangu siku ile nilikuwa nasubiri uniulize. Nilitaka uniulize. Wewe ulimuuliza Mayala."

Mama yao alileta maji ya kunywa, akawapa kikombe kimoja, na Fredy akamwachia kaka yake anywe kwanza, lakini kikombe kiliporudi kwake hakunywa.

Masalu hakurudi tena duarani. Alianza kuuza kamba, tochi na viatu vya mpira pale juu, mahali ambapo wachimbaji wanapita wakishuka. Vidonge vyake anavimeza, na akisikia joto mwilini anakimbilia zahanati hata kama ni jua tu. Manesi wamemzoea, na wamechoka na maswali yake, maana kila kidonge anauliza kinakwenda wapi mwilini na kinafanya nini huko. Mayala hajaamini mpaka leo. Anasema kwenye kioo wanaweza kukuonyesha wanachotaka, na kuhusu kupumua anasema hizo ni kompyuta. Masalu habishani naye. Zipo siku, hasa anapokuwa amelala chali mchana na nyumba iko kimya, mkono wake unakwenda wenyewe kiunoni kupapasa. Anauacha upapase, halafu anavuta pumzi mpaka mwisho.

Fredy alikaa msimu mzima akimpita barabarani kwa kumpungia mkono tu. Masalu naye alikuwa akijiuliza kila mara ule mkono una maana gani, na akajikataza kumuuliza mtu mwingine. Dengu za mama yao zilipokomaa walikutana shambani, kila mmoja na mstari wake, nafasi kubwa katikati. Waling'oa mpaka jua likaanza kupoa. Wakati wa kupakia, Fredy akaja mahali Masalu alipokuwa akihangaika na gunia peke yake, akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mwadila, kaka," alimsalimia kwa Kisukuma.

Masalu akaitikia. Fredy akainama, akashika upande wa pili wa gunia, na wakalinyanyua.